Buibui wa Kisiki: Kisa cha Ganda Lililopigwa Jembe

Kijana wa shamba alimpiga jembe mara mbili. Mara ya kwanza, anasema, yule buibui hakushtuka wala kusogea. Mara ya pili akapasuka kama ganda la karanga, na ndani hamna kitu. Hamna damu, hamna maji, hamna utumbo. Kijana akarudi nyuma, akaliacha jembe palepale, akaenda kumwita mzee.

Hayo ya "ndani hamna kitu" niliyasikia baadaye. Mimi nilianza kupata picha, na kisa hiki karibu chote kimetokana na mpangilio huo: picha kwanza, maelezo nyuma.

Ilikuwa Januari, kwenye shamba la mizabibu upande wa Hombolo, Dodoma, mvua zimeshashika na majani yamefika magotini. Mwenye shamba ni baba mkwe wa mdogo wangu, kwa hiyo simu yake haiachwi ikaita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwalimu, wewe si ulisomea wadudu? Huku kuna kitu."

Nilisomea biolojia, nikaifundisha sekondari miaka mingi. Habari za wadudu nimejifunza kwa kupenda tu. Na kwa hesabu za darasani buibui si mdudu, kwa kuwa mdudu ana miguu sita, lakini jaribu kumweleza hivyo mzee aliyesimama juani na jembe lililotelekezwa. Nikamwambia atume picha.

Zikaja tatu. Ya kwanza ilikuwa kivuli cha mpiga picha, ya pili imetikisika. Ya tatu ndiyo iliyofaa: mnyama wa manyoya, rangi ya udongo mkavu, miguu imekunjwa kwa ndani, mguu mmoja umekatika, ncha ya jembe kando yake. Kwa kulinganisha na jembe, alienea kama kiganja cha mtu mzima.

Nikajibu ndani ya dakika mbili, na hapo ndipo nilipokosea. Niliandika kwamba huyo ni dume la buibui wa shimoni, kwamba mvua zikianza madume hutoka kutafuta majike, kwamba ndio msimu wao na watu wasiogope. Ukisoma jibu lile leo, kila sentensi ina ukweli wake. Madume ya buibui wakubwa wa shimoni huzurura kweli majira ya mvua, na wengi tunaowaona barabarani usiku ni wao, kwa sababu majike hukaa shimoni karibu maisha yao yote. Tatizo ni kwamba mnyama wa kwenye picha hakuwa dume, na kwa kweli hakuwa mnyama.

Majina yaliyotolewa

Hadi jioni picha ile ilikuwa imezunguka ukoo mzima kwenye WhatsApp, na kila mtu ana jina lake. Nayaandika kwa sababu kila moja lilikuwa na hoja nyuma yake, hata lile la ovyo.

Shemeji yangu wa Singida alihesabu miguu kumi. Akasema huyo si buibui, ni yule mdudu wa rangi ya mchanga anayekimbia kufuata kivuli cha mtu, ambaye wataalamu humwita solifuga. Hesabu yake haikuwa ya kubeza. Nilihesabu tena na kweli vinavyoonekana kama miguu ni kumi. Nitarudi hapo.

Binamu mmoja wa Dar es Salaam akasema mjane mweusi. Hili niliondoa papo hapo. Mjane mweusi ni buibui mdogo, mwili wake kama punje ya njegere, anang'aa na hana manyoya ya kuonekana. Ndugu yake wa kahawia ndiye hasa wa kumwangalia majumbani: anakaa chini ya viti vya plastiki na kwenye pembe za choo, na vifuko vyake vya mayai vina vijimiiba pande zote kama mbigiri. Hakuna mmoja wao anayeenea kiganja.

Mdogo wangu akaipitisha picha kwenye programu ya simu ya kutambua viumbe. Ikajibu bila kusita: tarantula wa Chile. Hapo sikucheka, kwa sababu jibu la namna hii ndilo linalopotosha watu wengi. Mwaka 2022 orodha ya dunia ya buibui waliokwisha kupewa majina ya kisayansi ilivuka spishi 50,000. Programu imejifunza kwa picha zilizopigwa zaidi, na anayepigwa picha zaidi ni yule anayefugwa Ulaya na Marekani. Buibui wa chini ya kisiki cha mgunga Hombolo hana picha nyingi, kwa hiyo anapewa jina la anayefanana naye mwenye picha nyingi.

Na mama mkwe wa mdogo wangu, baada ya kusikia kwamba kitu kilipigwa kikawa kitupu ndani, alisema neno moja tu: "Mambo ya watu hayo." Kati ya wote, ni yeye peke yake aliyejali kwamba ndani hamna kitu. Sisi wengine tulikuwa tunabishana juu ya miguu.

Saa moja jioni mzee akapiga tena. Wamekuta shimo pembeni ya kisiki, lina utando mweupe mzito, na kijana amemulika tochi akaona kitu kimerudi ndani. "Wako wawili, Mwalimu. Mmoja tumeua, mmoja yumo. Vijana wamefuata petroli."

Mmoja nje, mtupu, mlangoni mwa shimo. Mwingine ndani, mzima. Hapo ndipo akili ilipofunguka, nikaona haya kidogo kwa ile meseji ya asubuhi. Nikamwomba mzee petroli irudi kwenye pikipiki, waniwekee lile ganda kwenye kopo la siagi lenye kifuniko pamoja na vipande vyote vilivyovunjika, hata kama ni vidogo kama ukucha. Nitafika Jumamosi.

Shimoni

Buibui hakui kama sisi. Mwili wake umevaa gamba gumu lisilonyumbulika, kwa hiyo akitaka kuongezeka lazima alivue lote na kutoka na jipya laini ambalo litakauka baadaye. Buibui mkubwa wa shimoni huvua kila kitu: miguu hadi kucha, manyoya, hata meno. Akimaliza na akishapata nguvu, hulisukuma nje kama mtu anayetupa maganda ya miwa mlangoni. Likikaa pale, mtu asiyejua ataona buibui kamili amelala.

Ishara zilikuwemo kwenye ile picha ya tatu. Gamba la mgongoni lilikuwa limefunguka mbele kama kifuniko cha sufuria, na mimi nikadhani ni kazi ya jembe. Tumbo lilikuwa limesinyaa kama puto la juzi. Mnyama wa ukubwa ule akipigwa jembe huacha majimaji. Kwenye picha udongo ulikuwa mkavu. Niliona vyote vitatu, nikavipuuza kwa kuwa jibu nilikuwa nalo tayari.

Jumamosi saa mbili na nusu usiku tulikuwa kwenye kisiki, mimi, mzee na kijana, tumevaa mabuti. Mdomo wa shimo ungeingiza vidole vitatu. Utando ulikuwa umefumwa kuzunguka mizizi na kushikilia vibonge vya udongo, mzito kama pamba iliyolowa ikakauka, na ndani yake kulikuwa na mabawa ya mbawakawa na mguu wa panzi. Utando huo peke yake ulitosha kumjibu shemeji wa Singida. Solifuga hatoi uzi. Tumbo lake lina pingili kama za jongoo, na limeungana na sehemu ya mbele bila kiuno chembamba kama cha buibui. Ana macho mawili makubwa tu, na hana sumu. Silaha yake ni mataya makubwa ya kubana.

Tochi niliifunga kitambaa chekundu isimtishe. Baada ya robo saa ncha mbili za miguu zikatokea ukingoni, zikatulia. Nikachukua bua la nyasi nikagusa utando taratibu, kama mdudu anayepita. Alitoka kwa kasi ambayo ilimfanya kijana aruke nyuma ya mzee, na mzee, kwa heshima zote, akaruka nyuma yangu. Alipogundua ni nyasi hakukimbia. Akanyanyua miguu ya mbele juu, akajipindua mgongo, akafungua meno. Nikapiga picha nne akashuka shimoni.

Picha zile nne ndizo zilizomaliza ubishi wa familia, nikimaanisha familia ya buibui, ile ya WhatsApp inaendelea mpaka leo. Meno yake yalikuwa meusi, marefu, yote mawili yanaelekea chini sambamba kama sururu mbili. Buibui wa kawaida wa nyumbani au wa bustanini meno yake hukutana kama makali ya koleo. Wanaopiga sururu ni kundi la zamani la akina buibui wa shimoni, na ndani ya kundi hilo wakubwa wa manyoya namna hii ni familia ya Theraphosidae, ndio hao wanaoitwa tarantula. Ina spishi zaidi ya 1,000 duniani.

Chile nayo ilianguka usiku huohuo. Tarantula wengi wa Amerika wana nywele za kuwasha juu ya tumbo. Wakitishwa huzipangusa kwa miguu ya nyuma zikarukia uso wa adui, na wengi hubaki na kipara tumboni. Wa Afrika hawana nywele hizo kabisa. Wao hunyanyua miguu na kuonyesha meno, kama alivyofanya huyu, na tumbo lake lilikuwa na manyoya kamili. Mtu angeweza kufika hapo kwa akili ya kawaida tu, kwamba buibui wa Chile asingefika Hombolo ila kwa sanduku, lakini ni vizuri mnyama mwenyewe akithibitisha.

Na miguu kumi? Minane ni miguu. Viwili vya mbele kabisa ni vipapasio. Kwa buibui wadogo vipapasio ni vifupi na havikuchanganyi. Kwa jamaa hawa ni virefu na vinakanyaga chini kama miguu. Tofauti iko kwenye pingili: kipapasio kina sita, mguu una saba. Shemeji alihesabu sawasawa, alichokosa ni kuhesabu pingili, na sidhani kama kuna mtu mwingine kwenye ukoo angefanya hivyo.

Kwenye sahani

Kazi tamu ilikuwa asubuhi yake, jikoni kwa mzee, na lile kopo la siagi. Ganda likikauka huwa kama karatasi ya kuungua, ukilifungua linavunjika. Nilitia maji ya uvuguvugu kwenye sahani, nikadondosha tone moja la sabuni ya vyombo, nikaliweka. Baada ya nusu saa lilikuwa laini kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa.

Nilianza na kile kifuniko cha mgongoni. Kwa bahati jembe lilikuwa limepiga nyuma yake. Nikakipima kwa rula: milimita 17. Kipimo hiki ndicho cha kuaminika, kwa sababu ni sehemu ngumu. Upana wa miguu hutegemea ulivyoinyoosha. Kisha nikakinyanyua dirishani kuelekea juani na kumwita kijana aje aone. Mbele kabisa, juu ya kilima kidogo, kulikuwa na vitundu vinane vinavyopitisha mwanga. Buibui akivua ganda huvua hadi lenzi za macho, na zinabaki wazi kama vioo vya dirisha. Macho manane yaliyosongamana kwenye kilima kimoja. Angekuwa buibui wa mbio, wale wanaobeba watoto mgongoni tunaowaona shambani, yangepangika safu tatu: manne madogo, chini ya uso, halafu mawili makubwa, halafu mawili.

Kijana alikishika kile kifuniko muda mrefu, akaangalia jua kupitia macho ya buibui.

Halafu tumbo. Hii ndiyo sehemu ya kutumia subira, kwa sababu ngozi yake ni nyembamba na ilikuwa imejikunja. Nilitumia vijiti viwili vya meno kuikunjua chini ya maji, upande wa ndani ukiangalia juu. Kwanza vinatokea viraka vinne vyeupe, viwili mbele, viwili nyuma: ni bitana ya mapafu yaliyopangwa kama kurasa. Buibui wengi wa kawaida wana jozi moja, hawa wana mbili. Kati ya viraka viwili vya mbele kuna mfereji unaokatiza, na hapo ndipo unapotafuta jinsi. Kwa dume hakuna kitu. Kwa jike mkomavu vinasimama vifuko vya kuhifadhia mbegu za dume, navyo huvuliwa pamoja na ganda. Nikasukuma maji kwa ncha ya kijiti, nikaweka lenzi ya mkono. Vijidole viwili vifupi, vimetengana, vya rangi ya chai.

Jike. Meseji yangu ya asubuhi ile ikafia kwenye sahani ya mama mkwe, ambaye alitaka kujua ni lini nitaiosha na kama naamini bado itatumika kulia chakula. Nilimnunulia nyingine.

Jina linaishia wapi

Kufikia familia kulikuwa rahisi. Kushuka chini ya hapo ndiko kunakohitaji mtu ajizuie.

Upande wa nje wa mataya, kwenye lile ganda, kulikuwa na pedi nene ya vinyweleo vyenye matawi kama manyoya ya ndege. Pedi hiyo ni alama ya kundi dogo la Harpactirinae, tarantula wa Afrika wanaotajwa vitabuni kama buibui-nyani. Ndani ya kundi hilo, kwa nchi yetu, nilikuwa na wawili wa kupima. Mmoja ni Eucratoscelus, ambaye miguu yake ya nyuma imenenepa na kuvaa manyoya kama suruali ya bwanga. Nilipima unene wa miguu ya nyuma na ya mbele kwenye ganda. Hakukuwa na unene wowote wa ajabu. Wa pili ni Pterinochilus, jenasi (yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu) iliyoelezwa na mtaalamu wa wanyama Pocock mwaka 1897. Alama yake inayoonekana kwa macho ni mistari ya kifuniko cha mgongoni inayotawanyika kutoka katikati kama miale ya jua. Kwenye picha za usiku miale ile ilikuwepo, na tumbo lilikuwa na madoa meusi yaliyopangika kwa mistari.

Kwa hiyo niliandika Pterinochilus, nikaishia hapo. Mdogo wangu hakufurahi. Alikuwa ameshaona kwenye mtandao picha za Pterinochilus murinus, yule anayesifika kwa hasira, na akataka niandike murinus. Lakini rangi katika jenasi hii ni shahidi mbaya: murinus huyohuyo kuna wa kijivu, wa manjano, na wa rangi ya chungwa kali. Jenasi hizi mbili, Pterinochilus na Eucratoscelus, zilipitiwa upya na mtaalamu wa buibui Richard Gallon mwaka 2002, na kinachotenganisha spishi ni maumbo ya vile vijidole vya jike na ya ogani za vipapasio vya dume, vikitazamwa kwa hadubini na kulinganishwa na vielelezo vya makumbusho. Mimi nilikuwa na lenzi ya mkono na sahani.

Kuna waliosema hiyo ni kazi nusu. Sikubaliani. Kwa mzee, maswali yaliyokuwa na uzito yalishajibika: anaishi wapi, anatoka lini, akiuma inakuwaje. Akiuma ni maumivu makali na uvimbe, na kwa baadhi ya watu misuli hukaza kwa muda. Hana sifa ya kuua mtu. Unaosha kwa maji na sabuni, unaweka kitu cha baridi, unakwenda zahanati; huchanji na hufungi kamba. Niliwaambia wazi kwamba kwenye shamba lile ninayemhofia zaidi ni nge, hasa mwenye mkia mnene na koleo nyembamba, naye hutakuta ameweka utando mlangoni kukupa taarifa.

Mama mkwe alishikilia usalama wa watoto, na ni haki yake. Wakakubaliana hivi: kisiki haking'olewi msimu huu, kimechomekwa vijiti vinne vyenye kitambaa, palizi inaishia kwenye vijiti, na watoto hawachezi safu ile. Petroli ilirudi kwenye pikipiki kama nilivyoomba. Na sababu ya kutotaja shamba ni hii: buibui hawa hununuliwa na wafugaji nchi za nje, na jike mkomavu anayeweza kuishi miaka mingi akitajwa mahali alipo hatamaliza mwezi.

"Sasa anaitwa nani?" mzee aliuliza tukiwa tunakunywa chai.

"Pterinochilus, mzee."

"Terino nini?"

"Kilus."

"Kilo," akasema. "Mbona hafiki hata robo." Tangu hapo pale nyumbani anaitwa Bi Kilo.

Ganda nililikausha limenyooshwa juu ya kadibodi, nikaliweka kwenye boksi la biskuti pamoja na karatasi: mahali, tarehe, chini ya kisiki cha mgunga, jike, Pterinochilus, spishi bado. Mstari wa mwisho niliandika "Aliyeokota", na nafasi ya jina la kijana. Akaisoma mara mbili, akanirudishia kalamu.

"Mwalimu, mimi sikuokota. Mimi nilimpiga."

Nikamwambia aliyempiga hakuwemo.

"Lakini nilimpiga," akasema, na ndivyo ilivyoandikwa.